Mwongozo kamili wa kutunza, kuhifadhi na kusafirisha totali stesheni na leza levo, kwa wapima wa huku kwetu kwenye joto, vumbi na masika

Wakuu, naanza na kilichonikuta. Tulikuwa tunapima mfereji wa maji ya mvua, kazi ya mkandarasi mmoja mdogo, saiti iko kilomita kama 60 za vumbi kutoka lami inapoishia. Mashine yetu, totali stesheni, ile inayopima pembe na umbali, ilipanda nyuma ya pikapu juu ya mifuko ya saruji, ikafika salama, boksi halina hata mkwaruzo, tukaiseti, ikalevo vizuri, ikasoma. Siku mbili tunapiga kazi. Siku ya tatu fundi wa upande wa pili anakuja na levo yake ya kawaida kufunga kwenye bench maki zetu (alama za urefu unaojulikana), hazifungi, tofauti sentimita mbili na kitu. Nikapiga pointi moja fesi lefti na fesi raiti, yani mara ya pili darubini ikiwa imepinduliwa, nikajumlisha pembe za wima, badala ya 360 kamili nikapata 360 na dakika 1 na sekunde 20 (hapa dakika na sekunde ni vipande vya digrii, sio muda). Yani kosa la sekunde 40 kwenye kila pembe ya wima niliyosoma, na kwenye daftari langu mwezi mmoja nyuma lilikuwa sekunde 4. Baksaiti zetu (kusoma nyuma kwenye pointi inayojulikana) zilikuwa mita 15, forsaiti (kusoma mbele kwenye pointi mpya) mita 140, tofauti mita 125, piga hesabu utaona ni kama milimita 24, na kwenye mfereji wenye mteremko wa 1 kwa 300 hizo ni zaidi ya mita 7 za mfereji ambazo maji yangesimama. Tulirudia siku zote mbili kwa mafuta yetu na posho zetu.

Mashine haikuanguka hata mara moja. Na haikulalamika, haikuandika kosa lolote kwenye skrini. Hilo ndo nataka kila anayeshika hivi vifaa alielewe kabla ya kusoma kingine chochote hapa chini: mashine iliyovurugika inaendelea kukupa namba, nzuri tu, zenye desimali tatu. Kwahiyo matunzo ni mambo mawili yanaenda pamoja, kuizuia isivurugike, na kuwa na mazoea ya kuipima ili ikivurugika ujue wewe kabla ya mteja.

1. Jua ndani ya mashine kuna nini

Sitarefusha. Totali stesheni ndani ina diski za kioo zilizochorwa mistari midogo sana ambazo ndo zinasoma pembe, ina kipima umbali kinachotoa mwanga wa leza na kupokea ule unaorudi, na ina kompenseta, kile kinachorekebisha pale mashine inapokuwa imeinama kidogo, kwa mashine nyingi ni dakika 3 au 4 tu za pembe. Leza levo, zile zinazoonyesha usawa kwa mwanga wa leza, yani ya kuzunguka na zile za mistari za mafundi wa vigae, zina kompenseta yenye nafasi kubwa zaidi, kama digrii 4 au 5, na nyingi za mistari ni pendulamu kabisa, kipande kinaning'inia humo ndani kama timazi. Sasa fikiria timazi hiyo iko huru halafu gari linapita kwenye matuta ya barabara ya vumbi saa tatu nzima. Ndo maana zina swichi ya kufunga. Ukizima kwa swichi yake pendulamu inashikwa, ukiiacha wazi inagongagonga njia nzima. Zima, funga, alafu ndo uweke kwenye begi, kila siku, hata kama unahama chumba kwa chumba kwenye jengo lilelile.

Angalia pia namba ya IP, kiwango cha kuzuia vumbi na maji, kwenye kitabu cha mashine yako. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP66 inahimili vumbi na maji ya kurushwa kwa nguvu, IP67 inavumilia hata kuzama mita 1 kwa nusu saa, IP54 ni manyunyu tu. Namba hiyo ilipimwa mashine ikiwa mpya, mipira yake mizima na mlango wa betri umefungwa. Mashine ya miaka 10 yenye mlango wa betri uliolegea usiipe imani ya kwenye kitabu.

2. Kabla hujatoka ofisini

Mashine iwekwe kwenye boksi lake la asili kwa mkao wake uleule, kuna alama mbili, ya kwenye mwili na ya kwenye shingo, zikutane, na boksi lifunge bila kulazimishwa. Kama kifuniko kinagoma usikikalie wala kukikandamiza na goti, fungua uangalie, kuna kitu hakijakaa. Skrubu za kukaza za mlalo na wima zilegeze kidogo, zisikazwe kabisa, maana ikipigwa mtikisiko sehemu iliyokazwa inapokea nguvu yote wakati iliyolegea inazunguka kidogo na kuipoteza. Skrubu tatu za tribraki, kile kitako cha chini cha kulevo mashine, ziweke katikati ya mwendo wake.

Usitupie ndani ya boksi misumari, tepu, nyundo ndogo ya bikoni (alama za pointi zilizowekwa ardhini), chaja yenye waya mzito. Nimefungua maboksi ya watu nikakuta spana inalala juu ya darubini. Kila kitu kisicho na shimo lake kwenye sponji kiende kwenye begi lingine.

3. Njiani

Hapa ndo mashine nyingi zinapoharibikia kwahiyo nitakaa kidogo.

Mahali pazuri kuliko pote kwenye gari ni kwenye kiti cha nyuma, boksi limesimama au limelala kama alama yake inavyoonyesha, limefungwa mkanda wa abiria. Kiti kina springi na sponji, kinameza mtikisiko. Pa pili ni miguuni nyuma ya kiti cha mbele, juu ya godoro dogo au blanketi lililokunjwa mara nne. Kwenye buti sawa kama hakuna njia nyingine ila chini weka sponji nene, pembeni zibana na mabegi ya nguo, jeki na tairi la spea viwe mbali. Nyuma ya pikapu kwenye bati tupu hapana. Mtikisiko mdogo mdogo wa masaa ni mbaya kuliko watu wanavyodhani, unalegeza skrubu za ndani na kuhamisha vioo kidogo kidogo, na huoni alama yoyote nje. Kama lazima ikae nyuma ya pikapu basi mtu akae nayo ameipakata au ikae juu ya godoro la inchi 6 limefunikwa turubai, na dereva aambiwe mapema, sio baada ya shimo la kwanza.

Kwenye basi, usikubali boksi liende kwenye buti chini na mizigo ya magunia. Makuli wanafanya kazi yao kwa haraka, wanarusha, sio kosa lao hawajui kilichomo. Nunua siti ya pili kama safari ni ya mbali, nauli ya siti moja ukiilinganisha na gharama ya kalibresheni, yani kupimwa na kurekebishwa na fundi, ni ndogo mno. Kama huwezi, pakata.

Bodaboda ndo usafiri wetu wa mwisho kufika saiti nyingi, najua. Boksi lisifungwe kwa mpira kwenye keria, livae mgongoni kwa mikanda yake, mgongo na mapaja ya mtu vinameza mshtuko vizuri kuliko chuma cha keria. Na tripodi ipande pikipiki nyingine au ibaki inafuata, usiwe na boksi mgongoni na tripodi begani kwa pamoja.

Kwenda Unguja au Pemba kwa boti, boksi likae ndani na wewe, sio kwenye deki ya nje linapopigwa na rasharasha za chumvi. Ukifika futa nje ya boksi kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi hata kama huoni kitu.

Joto la gari. Gari lililofungwa kwenye jua la Dodoma au Dar mchana ndani linaweza kufika nyuzi 60, na juu ya dashibodi zaidi ya hapo. Mashine nyingi kitabu kinaruhusu kufanya kazi mpaka nyuzi 50 na kuhifadhiwa mpaka 70, ila betri za lithiamu zinazeeka haraka sana kwenye joto hilo, na gundi na grisi za ndani hazipendi. Mkisimama kula, mashine inashuka na mtu mmoja. Inakukinga na wizi pia.

Na kuna kosa la kinyume chake, gari lenye AC. Umetoka Dar umewasha AC masaa manne, mashine imepoa, unafika Tanga saa saba mchana hewa nzito ya bahari, unafungua boksi palepale, lenzi yote inafunikwa na ukungu wa maji, na ndani ya darubini pia unyevu unaingia. Shusha boksi likiwa limefungwa, liache kivulini lifikie joto la nje. Kanuni inayotumika ni dakika 2 kwa kila nyuzi 1 ya tofauti, na sio chini ya dakika 15. Ofisi yenye nyuzi 20 na nje 34 ni nusu saa karibu. Muda huo tafuteni bikoni, fyekeni, seti tripodi, haupotei.

Mashine ikisafiri kutoka pwani kwenda nyanda za juu kumbuka pia kubadilisha joto na mgandamizo wa hewa kwenye menyu ya kipima umbali. Nyuzi 1 ya joto ni kama milimita 1 kwa kilomita, na hektopaskali 1 ya mgandamizo ni kama milimita 0.3 kwa kilomita. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ukiacha namba za mgandamizo za Dar umeshapoteza kama sentimita 3 kwa kila kilomita kabla hujagusa kitu. Huu sio ugonjwa wa mashine ila kila mwaka nasikia mtu analalamika kwamba mashine yake "iliharibika njiani" kumbe ni hili.

4. Ikiwa kwenye tripodi

Ikamate kwa mpini au kwa nguzo zake mbili, usiikamate kwa darubini. Mkono mmoja usiiachie mpaka skrubu ya chini ya tripodi imeshika, na kitasa cha tribraki kigeuze mpaka mwisho, alafu jaribu kuinyanyua kidogo uone imeshika kweli. Ni sekunde tatu tu.

Isiachwe peke yake. Upepo, ng'ombe, watoto wanaotoka shule, mtu anayegeuza lori. Mashine zilizopigwa chini ninazozijua, karibu zote hakukuwa na mtu ndani ya mita tatu.

Kuhama pointi, hata mita 30, itoe irudi boksini. Najua wengi hawafanyi. Angalau usiilaze begani mashine ikiwa juu ya tripodi, uzito wote unaning'inia kwenye ekseli ya wima na tribraki, kila hatua unayopiga ni kipigo. Kama mwendo ni mfupi kweli na ardhi ni tambarare, miguu ya tripodi ikae mbele na nyuma ya bega lako mashine ikiwa wima juu ya kichwa cha tripodi.

Mwavuli sio anasa. Jua likipiga upande mmoja wa mashine unapata moto upande huo, kiputo cha levo kinahama, na ukilevo upya baada ya dakika 20 kinahama tena. Na darubini usiielekeze kwenye jua bila filta, jicho lako litaumia ndani ya sekunde moja na kipokeo cha mwanga wa leza kinaweza kuungua.

Nikiwa hapohapo kwenye macho, kuhusu leza yenyewe. Nyingi za kulevo ni daraja la 2, chini ya miliwati 1, kope linakukinga kwa kufumba, ila usijilazimishe kukodoa. Totali stesheni ikipima kwenye prizimu, kile kioo cha juu ya fimbo kinachorudisha mwanga, huwa ni daraja la 1, lakini ukibadili kupima ukutani bila prizimu nyingi zinapanda daraja la 3R, mpaka miliwati 5. Kwenye hali hiyo usilenge prizimu, kioo cha dirisha wala gari linalokuja, na mshika fimbo aambiwe. Leza ya kuzunguka iwekwe juu au chini ya usawa wa macho ya watu saiti nzima.

Mvua ikianza, kofia ya plastiki juu, na kama ni ya kweli kweli funga kazi. Vumbi la lori likija, elekeza lenzi upande mwingine, funika, subiri litulie.

5. Kusafisha, kila jioni

Utaratibu ni mmoja tu na mpangilio wake ndo wenye maana: puliza, piga brashi, ndo ufute. Vumbi la huku ni mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko ile rangi nyembamba iliyopakwa juu ya lenzi, ukifuta kikavu kabla ya kupuliza umepiga msasa. Tumia kile kipulizio cha mpira cha mkono. Kompresa ya gereji hapana, ina nguvu nyingi na inatema mafuta na maji. Kupuliza kwa mdomo nako hapana, mate.

Baada ya brashi laini, karatasi ya lenzi au kitambaa laini kisicho na nyuzi, kilowe kidogo maji safi au alkoholi safi ya isopropili, anza katikati zunguka kwenda nje, mara moja, badilisha upande wa karatasi, rudia. Dawa usimwagie kwenye lenzi moja kwa moja, inapenya pembeni. Petroli, thina, sabuni ya vyombo na ile spiriti ya bluu viache, vinakula plastiki na kuacha utando. Kidole kikigusa kioo kifute siku hiyohiyo kwani mafuta ya ngozi yakikaa wiki yanashika.

Prizimu inasahaulika sana. Prizimu chafu au yenye ukungu inapunguza mwanga unaorudi, mashine inachelewa kusoma, unalaumu betri. Itunze kama lenzi. Fimbo yake pia, kiputo chake kikague kila wiki: simamisha fimbo, kiputo katikati, izungushe nusu duara mahali palepale, kiputo kibaki katikati. Robo ya digrii kwenye urefu wa mita 1.5 ni milimita 6 na nusu za kosa la mahali, na hakuna totali stesheni yenye usahihi wa pembe wa sekunde 1 itakayokuokoa na hilo.

Tripodi ioshwe tope, ikaushwe, skrubu zikazwe kwa spana ya L. Kipimo chake ni rahisi: ifungue miguu, inyanyue kwa kichwa, miguu ibaki ilipo, isining'inie na kujikunja. Ikijikunja, kaza bawaba. Ikiwa ngumu kama imeshikwa na gundi, legeza kidogo.

6. Kuhifadhi, na adui mkubwa wa pwani

Adui huyo ni fangasi. Watu wa Dar, Tanga, Mtwara, Mombasa, Unguja wanaijua, unaangalia ndani ya darubini unaona vinyuzi kama utando wa buibui. Anapenda giza, hewa isiyotembea na unyevu kuanzia asilimia 60 kwenda juu, na boksi la mashine lililofungwa lenye sponji iliyolowa ni nyumba nzuri kwake. Akishakaa siku nyingi anatoa asidi inayochora kioo, hapo hata fundi akisafisha alama inabaki.

Kwahiyo mashine ikirudi imelowa, hata jasho tu la masika, isifungwe boksini. Itoe, ifute, iache chumbani kwenye hewa usiku mzima, boksi liwe wazi, sponji zinazotoka zitolewe zikauke kivyake, joto lisizidi nyuzi 40, yani kivulini penye upepo au feni, sio juani na sio karibu na jiko. Asubuhi gusa sponji kwa shavu, kama ni ya baridi baridi bado ina maji.

Ndani ya boksi weka silika jeli, na sio kale kafuko ka kiatu, weka gramu 100 au zaidi za ile yenye rangi. Ya bluu ikigeuka pinki imeshiba, ya chungwa ikigeuka kijani au kupauka imeshiba. Haitupwi, imwage kwenye trei ya chuma, oveni nyuzi 110 mpaka 120 kwa saa 2 hivi, rangi inarudi. Ile ya bluu ina kobalti, trei yake isirudi kwenye chakula. Mchele usitumie, unanyonya kidogo na unaacha unga kwenye kila kitu.

Kwa ofisi yenye mashine zaidi ya moja tengeneza kabati. Kabati la mbao au chuma, rafu zenye matundu, chini kabisa taa ya zamani ya waya ya wati 15 au 25 inayowaka muda wote, joto lake dogo linashusha unyevu. Taa ya LED haifanyi kazi hiyo, joto lake ni dogo mno. Nunua kipima unyevu kidogo ukiweke ndani, lenga asilimia 40 mpaka 50, na usishuke sana chini ya hapo maana mipira na grisi nazo zinakauka. Boksi lisikae sakafuni kwenye saruji wala kuegemea ukuta wa nje. Mashine isiyotumika itoe kila wiki mbili tatu, izungushe, iwashe, ipate hewa na mwanga. Iliyolala miezi sita kwenye boksi ndo inayotoka na fangasi, inayofanya kazi kila siku haipati.

7. Betri

Za lithiamu hazitaki kuisha kabisa wala kukaa zimejaa miezi. Ukijua mashine inalala mwezi, iache betri kama nusu, itoe kwenye mashine, iweke mahali pa baridi pakavu, iangalie kila baada ya miezi mitatu. Usichaji betri ikiwa ya moto kutoka juani, isubiri ipoe. Umeme wa saiti wa jenereta na ule unaokatika na kurudi kwa kishindo unaua chaja, weka kilinda umeme katikati, na ile inveta ya bei rahisi ya kwenye gari usiiamini kwa betri ya mashine. Kila betri iandike mwaka uliyoinunua na namba yake, A, B, C, ndo utajua ipi imechoka.

8. Kuipima, kila mwezi na baada ya kila safari mbaya

Hii ndo ingeniokoa. Dakika 20 asubuhi, kivulini, mashine imeshazoea hewa.

Chagua alama kali umbali wa mita 100 hivi, karibu na usawa wa darubini. Soma fesi lefti mlalo na wima, pindua, soma fesi raiti. Mlalo zitofautiane kwa 180 kamili, nusu ya kinachozidi ni kosa la kolimesheni, yani mstari wa darubini umekaa pembeni kidogo. Wima zijumlishe zifike 360, nusu ya kinachozidi ni kosa la indeksi, yani sifuri ya pembe ya wima imehama. Rudia mara tatu uone namba zinakubaliana. Kosa la kolimesheni kwenye pembe za kawaida za ardhi tambarare linajifuta lenyewe ukisoma baksaiti na forsaiti kwa fesi ileile, ila ukinyoosha mstari kwa kupindua darubini linakuja mara mbili, sekunde 40 kwenye mita 150 zinakuwa karibu sentimita 6. La indeksi linaingia moja kwa moja kwenye urefu wa juu, halijifuti usipopiga fesi mbili. Mashine nyingi za sasa zina menyu ya kurekebisha zenyewe, fuata kitabu, ila kabla hujakubali namba mpya andika ya zamani. Namba kubwa isiyobadilika sio tatizo. Namba iliyoruka kutoka 4 kwenda 40 inakuambia kitu kimesogea ndani, na hata ukiirekebisha kwa menyu pima tena kesho na keshokutwa, ikiendelea kuruka ipeleke kwa fundi.

Plameti ya leza, kile kidoa kinachopigwa chini kuonyesha mashine iko juu ya pointi: mashine ikiwa kimo cha mita 1.5, izungushe taratibu duara zima, kidoa chini kisizunguke kwenye duara linalozidi milimita 3 kwa upana. Kikikosea milimita 4 na baksaiti yako iko mita 30, umeingiza karibu sekunde 27 kwenye mwelekeo, na hapo ulinunua mashine ya sekunde 2.

Leza ya kuzunguka: isimamishe mita 30 kutoka ukutani, weka alama ya urefu kwa risiva (kile kifaa kinachonasa mwanga wa leza), izungushe digrii 180, weka alama tena, alafu fanya hivyohivyo kwa ule upande mwingine wa digrii 90. Kama kitabu kinasema usahihi wa sekunde 10, alama mbili zisiachane zaidi ya milimita 3. Levo ya kawaida ipime kwa vigingi viwili, mita 60, kwanza ukiwa katikati kabisa alafu ukiwa mita 2 au 3 nyuma ya kimoja, tofauti ya urefu itoke ileile.

Kwa fundi ipeleke mara moja kwa mwaka hata kama inasoma vizuri, na udai cheti chenye namba za kabla na za baada. Kazi ikihitaji ushahidi rasmi zipo taratibu za ISO 17123, sehemu ya 3 ni ya pembe, ya 4 ni ya umbali, ya 5 ni ya totali stesheni na ya 6 ni ya leza za kuzunguka. Kabla ya kuipeleka toa data zako zote na betri ya akiba.

9. Ndege na mipaka

Betri za ziada za lithiamu zinapanda na wewe mkononi, haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini. Kiasi cha nishati ni volti mara ampia saa, betri ya volti 7.4 na ampia saa 4.4 ni wati saa 32 na kitu, mpaka 100 hakuna shida, kati ya 100 na 160 lazima shirika likubali na mwisho ni betri mbili za ziada. Ziba midomo yake kwa tepu. Mashine yenyewe ongea na shirika mapema iende mkononi, ikishindikana boksi lake liingie ndani ya katoni lenye sponji kila upande, usilipeleke boksi hivihivi bila katoni.

Ukivuka mpaka wa nchi tangaza mashine forodhani wakati wa kutoka, namba yake ya utambulisho (serial) na risiti ya ununuzi mkononi, ili wakati wa kurudi isihesabike kama bidhaa mpya. Piga picha namba hiyo na uihifadhi kwenye simu ya mtu mwingine, polisi nao ndo kitu cha kwanza watakuuliza ikiibiwa.

Na daftari. La karatasi, gumu, linakaa ndani ya begi la mashine. Tarehe, nani kaichukua, imesafiri kwa nini na barabara gani, imelowa au haijalowa, kolimesheni, indeksi, plameti, silika imekaushwa lini. Mstari mmoja kwa siku unatosha, na anayeirudisha ndo anaandika, akiwa bado amesimama hapo mezani na mashine haijaingia kabatini.